Uzee si Ugonjwa: Funzo la Japani Kuhusu Vifo

Lipo fumbo moja la takwimu ambalo ningependa walimu na wanafunzi walitafakari pamoja nami leo. Japani ni miongoni mwa nchi ambazo raia wake huishi miaka mingi zaidi ulimwenguni. Mwaka 2023, mtoto wa kike aliyezaliwa huko alitarajiwa kuishi miaka 87 na wa kiume miaka 81. Hapa Kenya, kwa mujibu wa sensa ya 2019, mtoto wa kike alitarajiwa kuishi miaka 66 na ushei, na wa kiume miaka 60 na ushei. Hata hivyo, katika kila Wajapani 1,000, watu 13 walifariki mwaka huo wa 2023, ilhali makadirio ya Umoja wa Mataifa kuhusu Kenya katika miaka ya karibuni ni vifo kati ya 7 na 9 kwa kila watu 1,000. Inakuwaje, basi, nchi yenye watu wa umri mrefu ipoteze wengi zaidi kwa kila elfu kuliko nchi ambayo watu wake hufa mapema?

Mwenye pupa ya kujibu atasema kwamba takwimu zimepikwa, au kwamba maendeleo ya viwanda yamewaletea Wajapani maradhi yasiyo na dawa. Majibu yote mawili hayana msingi. Jamii inapozeeka, mauti hubadilisha mkondo. Huhama kutoka kwa watoto hadi kwa wakongwe, kutoka kwa maradhi ya siku chache hadi kwa maradhi ya miaka mingi, na mara nyingi kutoka nyumbani hadi hospitalini. Nionavyo mimi, asiyeufahamu mkondo huo hawezi kuzisoma takwimu za afya za nchi yoyote, na anaweza kuupotosha umma huku akidhani anauelimisha.

Hebu tutumie hesabu ya darasani. Tuchukue vijiji viwili vya kubuni, kila kimoja kikiwa na wakazi 10,000. Katika kijiji cha kwanza, wakazi 9,500 hawajatimiza miaka 60, na 500 wametimiza umri huo au kuupita. Tuseme kwamba kila mwaka hufa watu 6 katika kila 1,000 wa kundi la kwanza, na 60 katika kila 1,000 wa kundi la wazee. Vifo vitakuwa 57 kwa wadogo na 30 kwa wazee, jumla 87. Katika kijiji cha pili, hatari ya kufa ni nusu ya ile ya kijiji cha kwanza kwa kila kundi, yaani 3 kwa 1,000 na 30 kwa 1,000. Lakini kijiji hicho kina wadogo 7,000 na wazee 3,000. Vifo vitakuwa 21 kwa wadogo na 90 kwa wazee, jumla 111. Kijiji chenye afya bora ndicho kilichopata vifo vingi zaidi, kwa sababu tu wakazi wake wengi wameufikia umri ambao kifo hukaribia. Tena, katika kijiji cha kwanza wazee walikuwa takriban thuluthi moja ya waliofariki. Katika cha pili ni wanne kati ya kila watano.

Ndiyo maana wataalamu wa takwimu hawalinganishi vifo vya nchi mbili kabla ya kusawazisha umri wa watu wake. Hukadiria kwanza vifo vingekuwa vingapi iwapo nchi zote mbili zingekuwa na mgawanyo mmoja wa wadogo na wazee. Mwanahisabati Mwingereza Benjamin Gompertz alionyesha mwaka 1825 kwamba hatari ya kufa ya mtu mzima huzidishwa kwa kima kilekile kadiri miaka inavyosonga. Katika jamii nyingi za leo hatari hiyo huongezeka maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Kwa hivyo jamii ikihamisha watu wake kutoka miaka ya thelathini hadi miaka ya themanini, idadi ya vifo lazima ipande, hata kama madaktari wake ni hodari kupindukia.

Tuitazame sasa Japani yenyewe. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, watu wapatao 14.6 katika kila 1,000 walifariki. Mwaka 2023, kama nilivyokwisha kusema, walikuwa 13. Asomaye nambari hizo mbili peke yake atadhani kwamba hapajabadilika neno kwa miaka 76. Lakini waliofariki walikuwa nani? Mwaka 1947 walifariki watu takriban milioni 1.1, na kati yao zaidi ya 200,000 walikuwa watoto ambao hawajatimiza hata mwaka mmoja. Mwaka 2023 walifariki takriban milioni 1.6, na watoto wa umri huo hawakufika 1,400. Zaidi ya nusu ya waliofariki walikuwa wamevuka miaka 80. Nambari ni karibu sawa, lakini misiba yenyewe haifanani hata kidogo.

Katikati ya miaka hiyo palipita kipindi ambacho kiwango cha vifo kilishuka hadi watu 6 kwa kila 1,000. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo maradhi ya kuambukiza yalikuwa yamedhibitiwa, ilhali kizazi kikubwa kilichozaliwa kati ya 1947 na 1949, chenye watu zaidi ya milioni 8, kilikuwa bado katika ujana wake. Kizazi hicho kilitimiza miaka 75 kati ya 2022 na 2024. Kwa hiyo vifo vingi vya leo vilianza kupangwa zaidi ya miaka sabini iliyopita, siku watoto hao walipozaliwa na, jambo muhimu zaidi, waliponusurika.

Sababu za vifo nazo zimepokezana zamu. Hadi mwaka 1950, kifua kikuu ndicho kilichoua Wajapani wengi kuliko ugonjwa wowote mwingine, nacho kiliwaandama hasa vijana. Kuanzia 1951, kiharusi kikashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1981 kiharusi kikaipisha saratani, ambayo imeongoza tangu hapo. Mwaka 2018 ugonjwa wa moyo ulikuwa wa pili, na nafasi ya tatu ikachukuliwa na jambo ambalo wengi wetu tungelistaajabia kuliona katika cheti cha daktari: uzee wenyewe. Mwaka 2023 uzee uliandikwa kuwa sababu ya takriban asilimia 12 ya vifo vyote nchini humo.

Hapa ndipo ninapotaka kuliondoa dai moja ambalo husikika sana matangani kwetu, kwamba zamani watu hawakuugua saratani wala moyo, na kwamba haya ni "magonjwa ya siku hizi". Ni kweli kwamba vyakula, tumbaku, pombe na kukaa kitako kutwa kumeyazidisha. Lakini saratani nyingi huhitaji miongo ya miaka ili zikomae mwilini. Mtu aliyekufa kwa surua akiwa na miaka miwili, au kwa kifua kikuu akiwa na ishirini na mitano, hakupata nafasi ya kuugua saratani ya tezi kibofu. Huko Japani saratani iliua watu wapatao 380,000 mwaka 2023, idadi kubwa kuliko ya vizazi vilivyopita. Umri ukisawazishwa, hata hivyo, hatari ya Mjapani kufa kwa saratani imekuwa ikishuka tangu miaka ya 1990. Wagonjwa wameongezeka kwa sababu wazee wameongezeka, wakati uwezo wa kuwatibu nao umeongezeka.

Je, tuseme basi kwamba vifo vya wazee ni majaliwa tu, na kwamba hakuna la kufanywa? La, hasha! Hapo ndipo funzo kubwa la Japani lilipo. Mwaka 1970 kiharusi kiliua watu takriban 181,000 nchini humo, wakati wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa milioni 7 na ushei. Mwaka 2023 wazee wa umri huo walikuwa takriban milioni 36, karibu mara tano. Mtu angetarajia vifo vya kiharusi navyo viwe mara tano. Badala yake vilishuka hadi takriban 105,000.

Muujiza huo una maelezo ya kawaida kabisa. Katika mikoa ya kaskazini kama Akita, watu walizoea mboga na samaki waliokaushwa kwa chumvi ili wavuke majira ya baridi, na katika miaka ya 1950 mtu mzima aliweza kula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku. Shinikizo la damu likawa maradhi ya kila nyumba. Tangu miaka ya 1960, wauguzi wa afya ya jamii na wanavijiji wa kujitolea walipita vijijini wakipima shinikizo la damu na kuwafundisha akina mama kupunguza chumvi katika mapishi. Mkoa wa Nagano, ambao nao ulisumbuliwa na kiharusi, uliishia kuwa miongoni mwa mikoa ya Japani yenye watu wanaoishi miaka mingi zaidi. Mwaka 1961 bima ya afya ilienezwa kwa raia wote, hata mkulima asiye na mshahara akaweza kupata dawa ya shinikizo bila kuuza shamba. Kazi iliyowaokoa wazee ilifanywa wakati walipokuwa bado watu wa makamo.

Sina nia ya kuipamba Japani kupita kiasi, kwani nayo ina machungu yake. Mwaka 1951 zaidi ya Wajapani wanane kati ya kumi walifia nyumbani mwao, lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1970 waliofia hospitalini wakawa wengi kuliko waliofia nyumbani. Familia zimekuwa ndogo, na vijana wamehamia mijini. Polisi wa nchi hiyo walihesabu zaidi ya watu 76,000 walioishi peke yao na kukutwa wamekufa nyumbani mwaka 2024, na takriban 58,000 kati yao walikuwa na miaka 65 na zaidi. Baadhi yao walikaa majuma kadhaa kabla ya kugunduliwa. Hata majanga huchagua kwa umri. Tsunami ya Machi 2011 ilipoyakumba majimbo ya kaskazini-mashariki, karibu thuluthi mbili za waliokufa walikuwa na miaka 60 au zaidi. Ili kukabiliana na hali hiyo, Japani ilianzisha mwaka 2000 bima maalum ya kuwahudumia wazee wasiojiweza, ambayo kila mwenye miaka 40 na kuendelea hulazimika kuichangia. Mzigo huo ni mzito, na unazidi kuwa mzito kila mwaka.

Msomaji ataniuliza, "Hayo ya Japani yatuhusu nini sisi, ambao taifa letu ni la vijana?" Mwenzako akinyolewa, nawe tia maji. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya milioni 1.9 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Sensa ya 2019 ikahesabu milioni 2.7. Katika miaka hiyo kumi, idadi ya Wakenya wote iliongezeka kwa asilimia 23 hivi, ilhali ya wazee iliongezeka kwa takriban asilimia 42. Wazee bado ni kama 6 tu katika kila Wakenya 100, lakini kundi lao linakua kwa kasi kuliko taifa. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 115 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2003, hadi 41 katika utafiti wa 2022. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Watoto wanaonusurika huja kuwa wazee, na wanaozaliwa wakipungua, sehemu ya wazee katika taifa hupanuka. Hesabu ni ileile ya vijiji vyetu viwili.

Tofauti yetu na Japani ni kwamba wao walimaliza vita vya kwanza kabla ya kuingia vya pili. Kifua kikuu kilikuwa kimeshindwa pale kiharusi na saratani vilipotawala. Sisi tunapigana pande mbili kwa pamoja. Malaria, kichomi, kifua kikuu na Ukimwi havijatuacha, na tayari Wizara ya Afya inakadiria kwamba magonjwa yasiyoambukizwa husababisha karibu vifo vinne kati ya kila kumi. Ukimwi, ambao serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, uliwaua maelfu ya watu wazima waliokuwa katika umri wa kulea, na kuwaachia nyanya na babu mayatima wa kulea. Wale waliookolewa na dawa nao sasa wanazeeka, wakihitaji matibabu ya moyo na figo pamoja na yale ya virusi. Ufaransa ilichukua miaka 115 ili sehemu ya watu wenye miaka 65 na zaidi ipande kutoka asilimia 7 hadi 14. Japani ilichukua miaka 24 tu, kutoka 1970 hadi 1994. Wanaochelewa kuanza safari hii aghalabu huikimbia, na sioni kwa nini sisi tujidhanie tutaitembea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni neno letu la kufariji: "Alikuwa mzee, siku zake zimefika." Ni neno la heshima, na linafaa kuambiwa wafiwa. Lakini halifai kuwa maelezo ya kitabibu. Daktari wa Japani ameelekezwa kuandika uzee katika cheti pale tu ambapo mkongwe amefariki kwa njia ya maumbile na hakuna ugonjwa mwingine wa kutajwa. Kwetu, mtu anayefia nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, ambaye hana utaalamu wa udaktari na hutegemea maneno ya jamaa. Mama wa miaka 64 aliyeanguka jikoni kwa kiharusi kwa sababu hakuwahi kupimwa shinikizo la damu huweza kuandikwa amekufa kwa uzee. Mzee wa miaka 67 aliyeoza mguu kwa kisukari kisichotibiwa, kadhalika. Vifo vingine haviandikishwi kabisa. Kifo kikikosa sababu katika daftari, hukosa pia fungu katika bajeti.

Wala hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015 uliowahusu watu wenye umri wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya Wakenya wa umri huo hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hata mara moja maishani, na karibu tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari mwilini. Hawa ndio watakaokuwa wazee wa mwaka 2040 na 2050. Namna watakavyokufa inaamuliwa sasa, wakiwa bado wanafundisha madarasani, wanaendesha matatu na kupalilia mashamba.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mtu mzima anayeingia zahanati, hata akiwa amekuja kwa kikohozi, apimwe shinikizo la damu, na dawa zake ziwepo mwezi baada ya mwezi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwakabidhi mikoba yenye vipimo vya shinikizo na sukari mwaka 2023, wawezeshwe na walipwe ili wafanye kazi iliyofanywa na wenzao wa Nagano na Akita. La pili, mtu akifia nyumbani, jamaa waulizwe maswali maalum kuhusu dalili zake za mwisho. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuandaa utaratibu wa maswali hayo, na mhudumu aliyefunzwa anaweza kuyatumia. La tatu, tuanze kuwafunza wauguzi na madaktari utunzaji wa wazee, badala ya kudhani kwamba familia zitaendelea kuwabeba peke yao. Shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa mwaka 2018 ili kuwapa wenye miaka 70 na zaidi ni msaada wa maana, lakini haziwezi kununua chakula na dawa za shinikizo na kisukari kwa pamoja.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu wa hisabati anaweza kuvitumia vijiji vile viwili kufundisha wastani na uwiano. Wa jiografia anaweza kuchora piramidi ya umri ya Kenya ya 1979 kando ya ile ya 2019. Wa biolojia anaweza kueleza kazi ya chumvi na mishipa ya damu. Mwanafunzi atakayeelewa hayo hatahadaika kesho kwa kusikia kwamba vifo vya saratani vimeongezeka au kwamba kiwango cha vifo kimepanda. Atauliza kwanza: waliofariki walikuwa wa umri gani, na wenzao wa umri huo walikuwa wakifa kwa kiasi gani zamani?

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hatuwezi kuzuia wazee wasifariki, wala si makosa kwa taifa kuwa na wazee wengi. Hiyo ni dalili kwamba watoto wake walinusurika. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba wanaofariki wakiwa na miaka 64 wanapata kuishi hadi 80, na kwamba kila anayeondoka sababu yake inajulikana na kuandikwa kwa ukweli. Tukiendelea kuuita uzee kila ugonjwa ambao hatukuupima, tutakuwa na wazee wengi kuliko baba zetu walivyokuwa nao, na tutawazika bila kujua nini kilichowaua.